Meno Mazima, Ubavu Una Nyufa: Namna ya Kuamua Kama Tairi la Gari Limezeeka

Mwenye gari anapotaka kujua kama matairi yake bado yanafaa, kwa kawaida hutazama meno tu, na akiyaona yamesimama huridhika na kuondoka. Kipimo hicho kinaitosha daladala inayozunguka mjini tangu alfajiri hadi usiku, kwa kuwa tairi lake huisha meno kabla halijapata muda wa kuzeeka. Hakilitoshi gari la mstaafu wa Raskazone, hapa Tanga, linalotoka Ijumaa kwenda msikitini na mara moja moja kwenda shambani Muheza, wala gari la familia ambalo mwenyewe anafanya kazi Dar es Salaam na hulikuta chini ya mwembe ule ule kila anaporudi likizo. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na meno karibu ya upya ilhali mpira wenyewe umekwisha kufa, na mtu akalipeleka Segera kwa mwendo wa kasi, limejaa watoto na mizigo, bila kujua amekalia nini.

Maelezo yanayofuata yanahusu magari madogo kama IST, Probox na Noah, ambayo ndiyo mengi katika mji wa Tanga. Malori na mabasi yana matairi ya aina nyingine na ukaguzi wake ni wa watu wa fani hiyo.

Kinachoupasua mpira

Mpira wa tairi si mpira mtupu. Ni mchanganyiko wa mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti, mpira wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, masizi laini yanayoupa weusi na uimara, salfa inayoufunga pamoja, na kiasi kidogo cha nta na kemikali za kuulinda. Adui wake mkubwa ni ozoni, yaani oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili, ambayo imo hewani kila mahali kwa kiasi kidogo. Ozoni huukata mpira pale ulipovutika, na ndiyo maana nyufa hupenda kuanzia ubavuni, mahali tairi linapojikunja, na hukaa kwa kukingamana na upande ambao mpira unavutwa. Ile nta na zile kemikali za ulinzi hupanda juu kidogo kidogo kila tairi linapozunguka na kujikunja, zikaweka utando mwembamba unaoizuia ozoni. Gari likisimama miezi mingi, utando hauongezwi, na sehemu ya tairi iliyobonyea chini ya uzito hubaki imevutika mahali pale pale. Kwa hiyo gari lisilotembea halitunzi matairi yake kama wengi wanavyodhani, bali linayazeesha.

Hapa niseme kidogo kuhusu ile rangi ya kahawia inayojitokeza ubavuni, ambayo huwatia watu wasiwasi wakaisugua kwa brashi ngumu. Ni zile kemikali za ulinzi zilizopanda juu na kukutana na hewa. Zinafanya kazi yake, na kuzisugua ni kuuondolea mpira kinga.

Joto nalo lina kazi yake, tena mbaya zaidi kwa kuwa haionekani. Oksijeni ya kawaida hupenya ndani ya mpira, ikitokea nje na pia ikitokea kwenye upepo uliojazwa ndani ya tairi, na kuufanya mpira uwe mkavu na mgumu. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kazi hiyo inavyokwenda upesi. Katika mji ambao kuanzia Desemba hadi Machi jua la kaskazi huifanya lami isikanyagike kwa mguu mtupu, tairi huzeeka mapema kuliko tairi la umri huo huo lililotumika Lushoto, kwenye baridi ya milimani. Sehemu inayoumia zaidi ni mpira ulio kati ya mikanda ya nyaya za chuma iliyolazwa chini ya meno, kwani mpira huo ukikauka hushindwa kuishika mikanda pamoja, na tairi hubanduka meno likiwa mwendoni. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ajali nyingi za namna hiyo hasa. Nyingi zilitokea katika majimbo yenye joto kali, na upepo mdogo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Hayo hayakuwa matairi vipara. Yalikuwa na meno.

Chumvi ya bahari, ambayo watu wa pwani huilaumu kwa kila kitu, haiuli mpira. Inachokula ni rimu, na pia nyaya za chuma ndani ya tairi pindi ufa mrefu unapoifungulia njia.

Hatua ya kwanza: soma tarehe kabla ya kutazama ufa

Kila tairi lina mwandiko ulioinuka ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha ufuate mstari huo hadi mwisho wake, ambapo utakuta tarakimu nne, mara nyingi zikiwa ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 2318 zina maana kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2018, yaani mwanzoni mwa Juni. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na huna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata.

Kuna jambo linalowakwamisha wengi hapa. Tarehe kamili kwa kawaida huandikwa upande mmoja tu, na upande wa pili huwa na sehemu ya mwandiko isiyo na tarehe. Fundi akilifunga tairi bila kuangalia, tarehe huelekea ndani, chini ya gari. Usikate tamaa ukadhani haipo. Kwa magurudumu ya mbele, pinda usukani hadi mwisho, kisha uingize simu nyuma ya gurudumu na kupiga picha kwa taa yake. Kwa yale ya nyuma itabidi uiname au uyafungue. Yakague yote manne na la spea, kwa sababu katika gari la mtumba si ajabu kukuta kila tairi na mwaka wake.

Sasa umri huo unakuambia nini? Watengenezaji hawakubaliani ni miaka mingapi. Baadhi ya makampuni ya magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, bila kujali meno. Kampuni ya matairi ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama linaonekana zima. Uingereza, ambako jua ni la kubahatisha, tangu Februari 2021 imekataza matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Kwa maoni yangu, kwa gari linalolala nje katika mji wa pwani, miaka 6 ndiyo wakati wa kuanza kutafuta fedha, miaka 7 au 8 ni wakati wa kulitilia shaka hata tairi lisilo na ufa unaoonekana, na miaka 10 haina mjadala.

Lakini umri peke yake hauhukumu. Tairi la miaka 4 lililosimama juani bila upepo wa kutosha linaweza kuwa bovu kuliko la miaka 6 lililotembea kila siku na kulala kivulini. Ndiyo sababu ya kuendelea.

Hatua ya pili: safisha, kisha inua

Osha matairi kwa maji na sabuni ya kawaida, kwa kitambaa au brashi laini, uyaache yakauke. Usitumie dizeli wala mafuta ya taa, kwa sababu mafuta hayo huvimbisha mpira na kuuyeyusha. Usipake dawa ya kung'arisha, kwa kuwa itajaza nyufa ndogo na kukudanganya wewe mwenyewe.

Fanya kazi hii asubuhi, kukiwa na mwanga na tairi bado ni la baridi. Weka gari mahali pa tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, ndipo uweke jeki. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Udongo wa mchanga wa maeneo ya ufukweni huididimiza jeki, kwa hiyo weka kipande cha ubao mpana chini yake.

Kabla hujainua, hata hivyo, kuna ukaguzi mmoja unaofanywa gari likiwa chini. Tazama sehemu ya ubavu iliyo karibu kabisa na ardhi, pale inapovimba kwa uzito wa gari. Hapo nyufa hufunguka na kuonekana kina chake, ilhali zile za juu hujifunga. Baada ya kutazama, sukuma gari kidogo ili sehemu nyingine ije chini, utazame tena, hadi gurudumu likamilishe mzunguko. Ni kazi inayohitaji msaidizi na subira, nayo hufichua mengi kuliko kulitazama tairi lililoning'inia.

Hatua ya tatu: usome ufa

Maswali ya kuuliza ni matatu: ufa uko wapi, una kina gani, na unaelekea wapi. Mtu anayejibu swali la pili tu huweza kuliacha tairi la hatari na kulitupa lisilo na neno.

Anza na mahali. Ubavuni, katikati ya rimu na meno, ndipo nyufa nyingi huonekana kwanza, na pale zinapokuwa nyembamba kama nywele si habari ya kutisha. Begani, yaani pale ubavu unapokutana na meno, pana uzito zaidi, kwa kuwa ndipo mikanda ya chuma inapoishia na ndipo tairi hupata joto kubwa likiwa mwendoni. Karibu na rimu ni mahali pabaya vilevile, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayolishika tairi lisichomoke na ndiyo inayozuia upepo. Mahali panaposahauliwa zaidi ni ndani ya mifereji, chini kabisa, kati ya jino na jino. Hapo mpira uliofunika chuma ni mwembamba sana. Ufa wa hapo, hata ukiwa mdogo, huingiza maji ya masika moja kwa moja kwenye nyaya, na kutu ikianza huko hakuna jicho litakaloiona. Panua mfereji kwa vidole gumba viwili na umulike taa.

Kisha kina. Pitisha ukucha taratibu kwa kuukata ufa. Ukiteleza bila kukwama, ufa ni wa ngozi ya juu. Ukucha ukikwama, ufa umeanza kuingia ndani. Ncha ya kadi ya simu au ya karatasi ngumu ikiweza kuingia na kusimama, umekwenda mbali. Ukiona nyuzi, za kitambaa au za chuma, au ukaona rangi tofauti na weusi wa mpira, maswali yamekwisha: tairi hilo lisirudi barabarani, hata kwa safari ya kulipeleka kwa fundi. Funga spea, ikiwa nzima.

Mwelekeo ndio unaowapita wengi. Nyufa fupi zilizotawanyika ovyo, au zinazotoka upande wa rimu kuelekea meno, kwa kawaida ni kazi ya jua, ozoni na umri. Ufa unaolizunguka tairi, ukifuata mduara wa bega au wa rimu, ni wa kuogopwa zaidi, kwani ufa mmoja huungana na jirani yake mpaka vikawa mstari mmoja mrefu, na begani mstari wa namna hiyo unaweza kuwa ishara kwamba mikanda iliyo chini imeanza kuachana. Tairi la namna hii nisingelipanda nje ya mji hata likiwa na umri wa miaka 3. Na kata moja iliyonyooka, yenye kingo safi, si uzee hata kidogo: ni jeraha la jiwe, la ukingo wa barabara, au la visiki vya njia za mashamba ya mkonge, na hupimwa kwa kina chake tu.

Hatimaye ugumu wa mpira wenyewe. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye jino la tairi, kisha ufanye hivyo hivyo kwenye tairi jipya la jirani au la dukani. Mpira hai hubonyea kidogo na kurudi. Uliozeeka hukataa, na ukiukunja hutoa nyufa mpya mbele ya macho yako, kama raba ya kufungia noti iliyosahauliwa kwenye droo. Mpira mgumu hushika vibaya lami iliyolowa, hata meno yawe marefu namna gani, na hili ndilo linalomshangaza dereva anayekanyaga breki siku ya mvua ya kwanza ya vuli na kuona gari linaendelea kuteleza.

Kutokana na hayo, mimi huyagawa matairi hivi. Tairi lenye nyufa za nywele ubavuni, zisizokwamisha ukucha, lenye umri chini ya miaka 6 na mpira ulio laini, liendelee, likitazamwa kila mwezi. Tairi lenye nyufa zinazokwamisha ukucha mahali pengi, au lenye nyufa ndogo ndani ya mifereji, lina hukumu ya kubadilishwa. Kinachobaki ni lini, na jibu linategemea safari, kama nitakavyoeleza. Tairi lenye ufa wa kuzunguka begani au karibu na rimu, nyufa za kina, nyuzi zinazoonekana au uvimbe, liondolewe siku hiyo hiyo.

Usikubali ufa uzibwe kwa gundi. Gundi hufunika uso wa ufa tu. Wala usikubali kuwekewa tyubu ndani ya tairi lisilotumia tyubu kwa sababu linavuja ubavuni: tyubu hushika upepo, haishiki tairi, na msuguano wake huongeza joto ndani ya mpira uliokwisha kuchoka.

Hatua ya nne: tafuta dalili za ndani

Tairi linaweza kuwa na uso mzuri na matumbo mabovu. Gurudumu likiwa juu ya jeki, shika kipande cha chaki karibu na meno bila kugusa, mkono ukiwa umetulia juu ya kitu kisichotikisika, kisha mwambie msaidizi alizungushe taratibu. Mahali palipoinuka patagusa chaki na kubaki na alama. Rudia upande wa ubavu. Uvimbe kwenye meno ni dalili ya mikanda kuachana. Uvimbe ubavuni ni dalili ya nyuzi zilizokatika, mara nyingi baada ya kuingia shimoni kwa kishindo. Vyote viwili havina tiba.

Barabarani, dalili ni mtetemo unaoanza ghafla na kuongezeka siku hadi siku ingawa magurudumu yamefanyiwa balansi, au mlio wa kugonga-gonga unaokwenda na mwendo wa gurudumu. Ukiusikia, punguza mwendo, simama mahali salama, uyatazame matairi kabla ya kulaumu bushi na shoki. Tairi linalopungua upepo bila msumari nalo lipakwe povu la sabuni ubavuni, kwenye valvu na kando ya rimu. Viputo vikitokea katikati ya nyufa za ubavu, umepata jibu lako.

Hatua ya tano: pima tairi pamoja na safari

Vitu vitatu hulipandisha tairi joto: mwendo, mzigo na upepo mdogo. Tairi chovu linaweza kuzunguka mitaa ya Ngamiani na Chumbageni kwa mwendo wa taratibu miezi kadhaa bila kuleta neno, na likapasuka siku linapopelekwa Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 350, mchana wa Februari, abiria wakiwa wamebanana. Hili ndilo linalofanya kauli ya "mbona natembea nalo kila siku" isiwe na uzito wowote. Kutembea nalo mjini hakujawahi kulijaribu.

Kwa hiyo, tairi la lile kundi la kati, lenye nyufa zinazokwamisha ukucha, lisivuke Pongwe, yaani lisitoke mjini. Ukiwa na safari ya Segera, ya Horohoro, au ya kupanda Lushoto kutoka Mombo, libadilishe kabla. Njia ya Mombo kupitia Soni ina kona nyingi, na unaposhuka breki hupata joto kali linalofika hadi kwenye rimu na mdomo wa tairi. Kama fedha haijapatikana, punguza mzigo, ondoka alfajiri, au panda basi stendi ya Kange na gari libaki nyumbani.

Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Wapo wanaoshauri tairi la zamani lijazwe pungufu ili "lisipasuke kwa joto". Ushauri huo ni kinyume kabisa: upepo pungufu hulifanya tairi lijikunje zaidi, na kujikunja ndiko kunakoleta joto.

Spea

Tairi la spea huzeeka likiwa buti, na lile linaloning'inia chini ya gari huzeeka upesi zaidi. Katika magari yanayotoka Japani ni kawaida kukuta spea ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kugusa barabara, ina vinyweleo vyake vya upya na umri wa miaka 15. Hiyo si akiba. Ile nyembamba ya muda kwa kawaida huhitaji upepo wa psi 60 na haipaswi kuendeshwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa, isome ubavuni.

Hatua ya sita: kununua bila kurudia tatizo

Ukienda dukani, usiulize kama tairi ni jipya. Uliza ni la lini, kisha usome tarehe mwenyewe. Tairi ambalo halijatumika, lililokaa stoo mahali pa giza na baridi kwa mwaka mmoja au miwili, halina ubaya. Lililopangwa nje ya duka juani miaka 4 ni la zamani hata kama karatasi yake haijabanduliwa.

Matairi ya mtumba yanataka uangalifu wa kila hatua iliyotajwa hapo juu, na zaidi. Muuzaji huyapaka dawa yakang'aa, kwa hiyo omba maji uyaoshe kabla ya kuyasoma. Kama tarehe imekwanguliwa, ondoka. Kama mifereji ni mirefu lakini kingo zake zina alama za kisu, tairi limechongwa meno upya, na mpira uliokuwa ukifunika chuma umeondolewa. Chunguza pia kama lina mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji au neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya msimu wa baridi. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu, na kwenye joto la Tanga huyumba, huisha haraka na hushika lami vibaya. Muuzaji atakusifia ulaini wake.

Ukubwa ufuate kibandiko cha gari. Katika mwandiko kama 195/65R15 91H, namba 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni rimu kwa inchi, 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615 kwa kila tairi, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Namba ya mzigo isipungue ile ya gari lako, hasa kwa Noah inayobeba watu na mizigo ya harusi.

Ukiweza kununua mawili tu, yanunue ya aina moja na yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wengi watakubishia, kwa hiyo eleza sababu kwa heshima: gari likiteleza mbele, dereva hupunguza mwendo na kulirudisha, lakini likiteleza nyuma hugeuka kabla dereva wa kawaida hajafanya lolote. Sharti ni kwamba yale ya zamani yanayobaki mbele yawe ya kundi la kwanza, si ya kubahatisha.

Kabla fundi hajaanza, mwambie mambo mawili: "Fundi, naomba valvu mpya, na tarehe ibaki upande wa nje." Valvu ya mpira huzeeka sawasawa na tairi, na bei yake ni ndogo.

Kulirefushia maisha tairi jipya

Endesha gari angalau mara moja kwa wiki, mwendo wa kutosha kulipasha tairi moto, ili ile nta ipande juu. Pima upepo kila mwezi. Gari lisipotembea, liegeshwe kivulini, au magurudumu yafunikwe kwa turubai au mbao upande wa jua. Matairi ya akiba yasihifadhiwe karibu na mashine ya kuchomelea wala mota za umeme, kwa sababu cheche zake huzalisha ozoni. Gereji nyingi hufanya hivyo bila kujua.

Tairi lililokataliwa

Tairi ulilolikataa usimwachie mtu kama lilivyo, kwa maana kesho litapakwa dawa na kufungwa kwenye gari la mwingine. Likate ubavu kwa msumeno kabla halijatoka mikononi mwako. Mshona makatambuga atalipokea hivyo hivyo, na atalitumia vizuri. Usilichome moto, kwani moshi wake una sumu. Kama litakaa uani kwa matumizi mengine, litoboe matundu makubwa chini au lijaze udongo, kwa sababu maji ya mvua yaliyotuama ndani ya tairi ni mazalia ya mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo mwaka 2019 iliwapata watu wa Dar es Salaam na wa Tanga pia.